Harufu ya Mifupa

Mleta gesi aligonga geti mpaka vidole vikamuuma. Aligonga kwa ngumi, akagonga kwa ufunguo wa pikipiki, mwishowe akaanza kuufokea ukuta kana kwamba ukuta ndio ulioagiza mtungi. Ndani, hatua chache tu kutoka getini, Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki akichambua mboga, ametulia tuli, hana habari na mtu.

Nyumba hiyo haikuwa na kengele na haikuwahi kuihitaji. Masikio ya Bibi yalikuwa yamekufa siku nyingi, yakamwachia macho na ulimi, na ulimi ulijua kufidia. Lakini yeye ndiye aliyeshinda hapo uani, na yeye ndiye aliyelifunga komeo kwa ndani kila mtu alipotoka, maana hakumwamini yeyote aliye upande wa pili wa ukuta, hata awe mwanawe wa kumzaa. Mtu akigonga, mbwa aliinuka, akamwendea, akamgusa goti kwa pua. "Nimesikia, mume wangu, nimesikia," Bibi angesema, kisha huyo anakwenda kufungua. Hakuna aliyemfundisha mbwa kazi hiyo. Alijiajiri mwenyewe.

Walimwita Mpekuzi, na jina lilimkaa. Ndoo ikifunikwa, lazima ajue kilichomo. Mfuko ukiletwa kutoka sokoni, pua yake iliwahi kabla ya mikono ya wenyewe. Alikwisha kunaswa kichwa ndani ya kopo la rangi, alikwisha kuibuka chini ya meza na kiatu cha mgeni mdomoni. Mama Miche, mkwe wa Bibi, aliyeotesha na kuuza miche ya mapambo nyuma ya nyumba, alikuwa amezungushia kitalu chake wavu wa waya kwa ajili ya pua hiyo moja tu.

Kelele za mleta gesi ndizo zilizomtoa kitaluni, mikono imejaa udongo.

"Mama! Geti!" alisema, akijipitisha mbele ya macho ya Bibi ili midomo yake isomeke.

"Geti lina nini? Mume wangu hajasema kitu."

Wote wawili waligeuka kumtafuta. Mpekuzi alikuwa amelala chini ya meza ya kufulia, miguu imenyooka, mate yanamtoka. Kando yake palikuwa na matapishi, na matapishi mengine karibu na tangi la maji, na mengine tena njiani katikati. Alipoona wanamtazama alipiga mkia mara moja, kwa adabu, halafu akauacha ulale. Bibi aliangusha mboga zote.

*

Fundi Makochi alikuja mbio kutoka kwenye banda lake la barabarani, misumari midogo imepangwa midomoni kama desturi ya kazi yake. Alichuchumaa, akamfunua mbwa jicho, akasema kitu.

"Tema hivyo vitu!" Bibi alifoka. "Utaongea na mimi na mdomo umejaa vyuma? Nitasoma nini hapo?"

Mwanawe alitema misumari kiganjani. "Kalishwa kitu, mama."

"Na nani?"

Macho ya Fundi Makochi yalikwenda kwenye ukuta wa kushoto, na macho ya mkewe yakaenda pamoja nayo. Nyuma ya ukuta huo, tena ukuta mfupi tu wa kufika kifuani, ndipo ilipokuwa saluni ya Kinyozi. Wiki hiyo hiyo Mpekuzi alikuwa ameingia humo mlango ukiwa wazi, akachunguza alichochunguza, akatoka na brashi ya povu mdomoni na kukimbia nayo barabara nzima, Kinyozi nyuma na aproni yake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kinyozi hakucheka. Alisema mbele za watu wote, "Huyu mbwa iko siku nitamnyamazisha."

Kauli ya hasira, ambayo kila mmoja wetu amewahi kuitoa kwa mbwa, kwa mtoto au kwa mwenza wake. Lakini asubuhi hiyo Mama Miche aliikumbuka neno kwa neno, na hakusubiri hata kunawa.

Kinyozi alikuwa na mteja mmoja kitini, nusu ya ndevu zimetoka, nusu bado. Mwingine alikuwa akisubiri kwenye benchi.

"Umempa nini mbwa wetu?"

"Shikamoo haipo siku hizi, dada?"

"Nakuuliza umempa nini! Mbwa anakufa kule! Ulisema utamnyamazisha, haya, kanyamaza. Umefurahi?"

Kinyozi alizima mashine. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la mapema, aliyezoea kusikia siri za watu huku akiwainamisha vichwa. "Dada yangu," alisema, "mimi natoa nywele. Roho sitoi."

"Mtu aliyezoea wembe hashindwi na sumu!"

Neno hilo likishatoka halirudi, nalo lilitua pabaya. Mteja aliyekuwa kitini aliutazama wembe uliokuwa kwenye bakuli. Aliutazama tena. Kisha akajivua kitambaa shingoni, akasema amekumbuka ana mtu anamngoja, akatoka hivyo hivyo na ndevu zake za upande mmoja. Yule wa kwenye benchi naye akasema atapita baadaye. Mama Miche alibaki katikati ya saluni na vidole vyake vya udongo, na kwa muda kidogo, tuseme ukweli, alijisikia ameshinda.

*

Bwana mifugo alifika na pikipiki, begi lake begani. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alimfungua mbwa mdomo, akamtazama fizi, akambonyeza tumbo, akaomba kuona matapishi.

"Nimeyafukia," alisema Mama Miche. "Yalikuwa yananuka."

"Yafukue."

Aliyafukua kwa fimbo, mume wake kasimama pembeni, Bibi kainama juu ya magoti yake akifuata kila mdomo. Bwana mifugo alichokonoa, akatoa kipande cha ganda gumu, upande mmoja kina rangi nyekundu ya kuiva. Alikisuuza kwa maji ya chupa na kukiweka kiganjani.

"Hiki kimetoka wapi?"

Mama Miche alikijua kabla hajakisogelea. Aliijua rangi ile. Alikuwa amezisugua mbegu zile kwa mikono yake mwenyewe, akazilaza juu ya udongo nusu ndani nusu nje, akazinyeshea mpaka zikatoa jani la kwanza, jani gumu la kijani lililochanika vizuri kama kitana. Alitangulia, nao wakamfuata mpaka nyuma ya tangi, mahali alipokuwa ameiweka miche miwili ya mwisho kwa sababu ndani ya wavu hapakuwa na nafasi. Viriba vyake vya plastiki vilikuwa vimechanwa. Udongo ulikuwa umetapanywa. Mche mmoja ulikuwa umelala ubavu, mzizi wake unaning'inia, na mahali pa mbegu pana alama za meno.

"Hii ni mitende ya mapambo," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndivyo mnavyoiita sokoni. Huu si mtende, mama, ni mtapo. Wote una sumu, jani mpaka mzizi, lakini mbegu ndiyo mbaya kuliko vyote. Inakwenda kukaa kwenye ini."

"Lakini huyu amekulia kwenye miche! Hajawahi kutafuna hata jani. Anapekua tu, ananusa, anaondoka. Mimi wavu nimeuweka asiniangushie, si kwa sababu anakula."

Bwana mifugo alichukua konzi ya ule udongo uliomwagika, akaunusa. Akaunusa tena. "Umeweka nini humu?"

"Mbolea."

"Mbolea gani?"

Mama Miche aliificha mikono yake ya udongo nyuma. Miezi michache nyuma wateja walikuwa wamelalamika kwamba miche yake inageuka manjano ikifika kwao, naye, kwa akili yake na kwa fahari kubwa, alikuwa amebuni udongo wa kwake. Kila alipopita kwenye bucha aliomba mifupa na damu. Damu aliikausha juani, mifupa aliichoma na kuitwanga kwenye kinu mpaka ikawa unga, akachanganya vyote na mchanga na samadi. Miche ilishika rangi ya kijani mpaka ikang'aa. Alikuwa amewaringia watu udongo huo, akakataa kumwambia yeyote siri yake.

"Mifupa," alisema. "Na damu kidogo."

Bwana mifugo hakumkaripia, na ingekuwa afadhali angemkaripia. "Mbwa atafukua hapo hata ukizungushia moto," alisema. "Hakuwa na shida na mche. Alikuwa anatafuta mfupa, akakutana na mbegu."

Alimtundikia mbwa dripu kwenye msumari wa kamba ya nguo, akamnywesha mkaa uliosagwa, akamchoma sindano mbili. Alipoulizwa atapona, alisema kama wangegundua alipokula tu angemtapisha yote na pengine ingekuwa hadithi nyingine. Sasa wasubiri. Wamwangalie macho yasigeuke manjano.

"Kasemaje?" Bibi aliuliza. Maneno ya bwana mifugo yalikuwa yamepita upande upande, hakuyapata yote. "Kasemaje huyu?"

"Tumbo, mama," alisema Fundi Makochi. "Ni tumbo tu."

"Mdomo wako mzito tangu utotoni," Bibi alimwambia. "Hata kudanganya hauwezi."

Mama Miche alipiga magoti mbele ya kile kiti cha plastiki, akamshika Bibi mikono, akamweleza polepole, akifungua kila neno ili liingie: mbegu, udongo, mifupa, mimi. Bibi alimtazama midomo mpaka mwisho. Halafu akaichomoa mikono yake taratibu na kuiweka juu ya kichwa cha mbwa.

*

Aliyeanza kuwaza juu ya Daktari wa Meno ni Mama Miche, akiwa anaosha kinu. Alikiosha mara mbili, na mara ya pili mkono ukasimama.

Siku iliyotangulia alikuwa amepeleka miche ya mtapo kwenye nyumba ya Daktari wa Meno, mama mmoja mtaratibu anayeishi upande wa juu, mwenye bustani pana na mbwa wawili. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Aliipanda mwenyewe kwenye kingo zote mbili za njia ya gari, na ili ishike vizuri akajaza kila shimo udongo wake wa fahari. Mbwa mkubwa alikuwa mzee, hakujisumbua hata kuinuka. Lakini yule mdogo alimfuata shimo kwa shimo, pua chini, mkia juu, na yeye akacheka akamwambia, "Wewe na Mpekuzi wangu mngeelewana."

Alikwenda bandani kwa mumewe na mikono inayochuruzika maji.

"Lazima nimwambie."

"Umwambie nini?" Fundi Makochi hakuinua kichwa. Mbele yake lilisimama kochi kubwa lililovuliwa ngozi ya zamani, sehemu limevishwa kitambaa kipya cha kijivu, sehemu bado mbavu za mbao ziko nje.

"Kwamba nimempandia sumu mlangoni na kuipaka mchuzi."

"Mbwa wa pale wanakula nyama ya makopo. Hawana shida na udongo."

"Wetu naye alikuwa ameshiba."

Fundi aliweka nyundo chini. "Kochi hili la nani?"

Alijua la nani. Daktari wa Meno aliposikia kwamba mume wa Mama Miche ni fundi makochi, alisema atampa moja ajaribu, likimpendeza atampa na mengine, na rafiki zake wana makochi pia. Ndiyo maana kitambaa kile kilikatwa kwa mkasi mpya.

"Sikukatazi," alisema mumewe, na kwa kweli alikuwa anamkataza. "Nasema subiri. Pengine hatagusa. Pengine mvua itanyesha, harufu itaisha. Nenda baadaye kama unakwenda kutazama miche imeshikaje, uibadilishe kimyakimya udongo. Kwa nini ujipeleke mwenyewe kunyongwa?"

Mama Miche alitoa simu, akapiga hapo hapo mbele yake. Iliita mpaka ikakata. Daktari wa Meno alikuwa kazini, mikono yake kwenye kinywa cha mtu. Angeweza kupiga tena. Angeweza kutuma ujumbe. Aliirudisha simu mfukoni na kusema, "Hapokei," na aibu ya jambo hilo ni kwamba kifua kilimpungua uzito. Siku hiyo hakupiga tena.

*

Asubuhi iliyofuata macho ya Mpekuzi yalikuwa manjano.

Bibi alikuwa amekesha naye, na sasa amemlaza kando ya kiti chake juu ya gunia lililokunjwa, mkono wake ukiwa umening'inia ili ufike kichwani. Mama Miche alileta uji, hakuna aliyeugusa, si mtu si mbwa. Bwana mifugo alipita, akabadilisha dripu, akaondoka bila kupanga siku ya kurudi.

"Njoo hapa," Bibi alimwambia mkwe wake. "Jana mlikuwa mnabishana bandani. Nimewaona nilipokwenda kufunga geti."

"Ni mambo ya kazi, mama."

"Nani mwingine umempandia?"

Mama Miche alitazama chini, na kutazama chini mbele ya mtu anayesoma midomo ni kumfungia mlango usoni. Bibi alimwinua kidevu kwa kidole.

"Nimekuuliza."

"Daktari wa Meno. Ana mbwa wawili."

"Umemwambia?"

"Nilipiga hakupokea."

Bibi alinyamaza. Alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo hata jirani waliisikia. "Mimi kiziwi umeniambia," alisema mwishowe. "Ulipiga magoti hapa ukaniambia yote. Mwenye masikio yake mawili ndiye aliyekushinda?"

Mama Miche hakuaga hata bandani. Alichukua koleo na magunia matupu. Nyuma yake komeo lilifungwa kama kawaida.

*

Mlinzi wa getini kwa Daktari wa Meno alimsimamisha. Siku ya kupanda alimfungulia geti lote. Leo alifungua kidirisha.

"Una miadi?"

"Nimekuja kuhusu miche."

"Mauzo mwisho hapo hapo. Mama yuko mapumziko leo."

"Siuzi. Mwambie kuna jambo la mbwa wake."

"Hao?" Mlinzi alicheka. "Mzee hana neno. Huyo mdogo ndiye balaa, tangu jana kazi yake kufukua. Nimemtimua hapo kwenye miche yako mpaka nimechoka, leo nimemwacha."

Mama Miche aliusukuma mlango mdogo na kupita ubavuni mwake. Mlinzi alimkamata gunia, akabaki nalo mkononi. Njia ya gari ilikuwa ndefu na safi, na ule usafi ulizidi kuonyesha uharibifu: mashimo matatu upande wa kulia, udongo mweusi umemwagika juu ya vigae, mche mmoja umeburutwa mpaka kwenye nyasi. Mbwa mdogo alikuwa kwenye shimo la nne, anachimba kwa miguu yote miwili, furaha tupu. Alimtambua, akamkimbilia akiwa na udongo puani.

Daktari wa Meno alitoka barazani na ndara za ndani, kikombe mkononi. "Kuna nini huku? Nani kamruhusu..."

"Mama, mkamate mbwa. Mtazame mdomo. Kama amekula mbegu, mkimbize kwa daktari wa wanyama saa hii hii atapishwe."

Kisha akaeleza. Alijaribu kueleza vizuri, lakini maneno yalitoka yakikanyagana, mtapo kabla ya mtende, damu kabla ya mifupa, na katikati yake mbwa wa Bibi mwenye macho manjano. Daktari wa Meno alikuwa ameshamshika mbwa na kumfungua kinywa kwa vidole vya mtu aliyezoea vinywa. Kwenye jino la nyuma palikuwa na kipande chekundu.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Jana asubuhi."

"Jana."

"Nilipiga simu..."

"Mara moja. Niliiona. Nilidhani unataka kunisalimia." Hakupaza sauti. "Kama jana ungepiga mara mbili, nisingemwachia leo acheze nje."

Daktari wa Meno alimpakia mbwa kwenye gari na ndara zake zile zile. Kabla ya kufunga mlango alisema, "Ing'oe yote. Hata jani moja nisilikute. Na mwambie mumeo anirudishie kochi langu lilivyo. Sitaki kitu kutoka nyumba yenu."

Aliing'oa. Alianzia mwisho wa njia, akapiga magoti kila shimo, akaitoa miche pamoja na udongo wake, akaukomba udongo kwa mikono mpaka vigae vikawa vyeupe. Mlinzi alisimama juu yake muda wote akimwonyesha kwa kidole cha buti alipobakiza. "Hapo. Na hapo. Siku ile ulikuwa unaringa, mama, eti udongo wa siri." Mbwa mzee alikuja akakaa karibu, akamtazama akifanya kazi. Mama Miche alimfukuza kwa ukali, na mbwa alipokataa kuondoka, akaanza kulia.

Yule mdogo waliwahi kumtapisha. Hilo lilijulikana baadaye, na bwana mifugo ndiye aliyelisema. Daktari wa Meno hakutuma salamu.

*

Aliporudi, gunia moja kichwani na jingine mgongoni, alikutana na mumewe njiani. Fundi Makochi alikuwa anasukuma mkokoteni, juu yake kochi limefungwa kamba, kitambaa kipya kimevutwa juu ya mbavu za mbao kadiri kilivyofika. Walisimama wakitazamana, yeye na mzigo wake, yeye na wake. Watu waliwapita.

"Alinipigia," alisema mumewe.

"Najua."

"Nilikuwa nimebakiza mkono mmoja tu wa kushoto." Alilipapasa kochi. "Mbwa wake je?"

"Alikuwa amekula. Kampeleka."

Fundi Makochi alimrekebishia gunia lililokuwa linateleza mgongoni. "Wetu nimemwacha na mama," alisema. "Alikuwa bado anapumua." Akainama, akausukuma mkokoteni.

Mama Miche alipita mbele ya saluni. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mteja, benchi tupu. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja wake mwenyewe, anajitazama kwenye kioo, na kioo kiliwakutanisha macho. Mama Miche alifungua mdomo. Tangu jana alikuwa ameyaandaa maneno, na aliyaandaa tena njia nzima. Hakuliona hata moja. Aliongeza mwendo mpaka kwenye geti lake.

Akagonga.

Aligonga kwa kiganja, halafu kwa ngumi. Alisubiri kusikia mwendo wa Bibi, ule mburuzo wa ndara. Akachungulia kwenye mwanya wa bati. Bibi alikuwa palepale kitini, mgongo umegeukia geti, mkono wake unapita juu ya kichwa cha Mpekuzi, unarudi, unapita tena. Mbwa amelala juu ya gunia lake. Dripu imetolewa, mpira wake umeviringwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari. Bibi ndiye aliyeuviringa. Mbwa alikuwa amekata roho mkokoteni ulipokuwa haujafika hata kona ya barabara, na Bibi alikuwa amelijua hilo kwa kiganja chake, palepale, bila kuhitaji midomo ya mtu.

"Mama!" Mama Miche alipiga kelele, ingawa alijua ni bure. "Mama, ni mimi! Nifungulie!"

Aliokota jiwe akagonga nalo. Bati lilipiga kelele mtaa mzima ukasikia, ila yule mmoja tu. Alikuwa ndani ya nyumba hiyo kwa miaka yote ya ndoa yake, na hakuwahi kujua geti linakuwaje upande huu mbwa asipoinuka.

Kinyozi alitoka. Alimtazama yeye, akayatazama magunia, akalitazama geti. Alizunguka kwenye ule ukuta mfupi wa upande wa saluni yake, akaupanda kwa shida kwa sababu ya tumbo, na Mama Miche akasikia miguu yake ikitua ndani.

Kwenye mwanya alimwona akimsogelea Bibi kutoka nyuma, kisha akasita, kwa kuogopa kumshtua. Akazunguka kidogo. Akamwona mbwa, akavua kofia. Kama watu wote wa mtaa huo, naye alikuwa ameshaiona kazi ya Mpekuzi mara nyingi, basi akainama, akakunja vidole, na kwa nyuma ya vidole akamgusa Bibi goti, polepole, mara moja.

"Nimesikia, mume wangu," alisema Bibi. "Nimesikia."

Alishaanza kuinuka ndipo alipotazama chini kuona ni nani.